Naomba ushauri: povu la polithilini chini ya mabati

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa waliokwisha kuezeka nyumba maeneo ya joto. Ninajenga Kigamboni, Dar es Salaam. Kenchi zimekamilika, na kabla ya kupiga mabati nataka kutandaza povu la polithilini (shuka laini la plastiki lenye vipovu vya hewa) lenye karatasi ya alumini upande mmoja, kwa kuwa Januari na Februari joto linaloshuka kutoka kwenye bati hufanya vyumba visikalike hata usiku.

Ninavyoelewa, povu la unene wa milimita 5, ambalo hupitisha joto kwa takriban wati 0.04 kwa mita kwa kelvini, halizuii mengi peke yake. Kinachosaidia zaidi ni alumini, nayo hufanya kazi pale tu inapotazamana na nafasi ya hewa. Fundi anataka kulibana kati ya papi (mbao zinazopigiliwa bati) na bati, alumini ikiwa juu, na hapo ndipo sikubaliani naye.

Je, upande unaong'aa utazame chini, ambako pia vumbi halitatua? Hewa ya chumvi huiharibu alumini hiyo upesi? Na kwa kuwa polithilini huyeyuka na kuwaka, nyaya za umeme zipite umbali gani kutoka hapo?