Naomba ushauri: mwekezaji anataka hisa kwenye kiwanda changu cha alizeti

Habari zenu wapendwa. Nakamua mafuta ya alizeti Kibaigwa, wilayani Kongwa. Kampuni imesajiliwa BRELA, nembo ya ubora ya TBS ninayo, soko ni maduka ya Dodoma mjini. Shida ni msimu: wakati wa mavuno bei ya mbegu iko chini, ndipo natakiwa kujaza ghala, na ndipo mfuko mtupu.

Benki wanataka hati ya nyumba, nayo ina jina la mume wangu. Mkopo wa halmashauri kwa wanawake, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani, hauna riba, ila unapitia vikundi.

Sasa kuna mwekezaji kutoka Dar anataka asilimia 40 ya hisa. Kikaoni aliniuliza nikizaa tena nani atasimamia kazi. Maswali ya mahesabu akamwelekezea mume wangu, ambaye hata kuwasha mashine hajui!

Naomba kujua: thamani ya kampuni changa inapigwaje, ili nijue kama 40 ni halali au napunjwa? Na je, naweza kumlipa fungu la faida kwa miaka michache bila kumpa umiliki? Aliyewahi kusaini mkataba kama huo anitajie kipengele kilichomuuma. Mwekezaji anataka jibu kabla ya mavuno.