Tupeane uzoefu: karakana ya nyumbani, ulijenga ukubwa gani na ukuta wa ndani uliufanyaje?

Wakuu, habari za wikiendi. Niko Chanika. Nyumba imeshaisha, na nyuma imebaki nafasi ninayotaka kuweka karakana ya useremala ambayo usiku italaza gari. Fundi ameniletea mchoro wa futi 10 kwa 20. Nimeukataa. Nawaomba wenye karakana nyumbani mtoe yenu: mlijenga ukubwa gani, ndani ukutani mmeweka nini, na kipi mngebomoa leo mkipata hela.

Naanza na yangu. Kwa miaka mitatu nimefanya kazi kwenye chumba cha mita 3 kwa 4, nyumba ya kupanga. Shiti ya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ina mita 2.44 kwa 1.22. Ukiichana kwa urefu unahitaji mita 2.44 mbele ya msumeno na 2.44 nyingine nyuma yake, ukiongeza na meza ya mashine unakaribia mita 5 na nusu. Mimi nilikuwa na 4, kwa hiyo kila shiti ilitokea mlangoni. Masika moja mvua ikashuka ghafla shiti ikiwa nusu ndani nusu nje. Nilipofika asubuhi ile ncha iliyolowa ilikuwa imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, ukibonyeza kidole kinazama. Ilikuwa mali ya mteja, nikailipa.

Na hizo futi 10 ni mita 3.05. Noah ina upana wa mita 1.7 hivi. Ikiingia unabaki na 1.35 ya kugawa pande mbili, na hapo hujafungua mlango wala hujaweka benchi.

Jumamosi nikachukua chokaa, nikachora mita 5 kwa 7 juu ya ardhi, nikaingiza gari humo, halafu mimi na mdogo wangu tukabeba shiti kuzunguka gari pande zote. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa kinaenea. Pale chini tuligonga saitimira mara mbili.

Randa_Kitunda
Mkuu, umefanya la maana kuchora chini, ila muulize fundi anapima nje au ndani. Mimi niliandika mita 4 nikijua ni nafasi ya ndani. Mwashi akapima nje kwa nje. Tofali la nchi 6 linakula sentimita 15 kila upande, lipu inakula 2 kila upande. Nikabaki na 3.66. Sasa ubao wa futi 12 ni mita ngapi? 3.66 hiyohiyo! Siku ya kwanza kuleta mninga, ubao ukagota kona na kona, haulali wala hausimami. Mpaka leo mbao zangu ndefu zinalala mshazari kwenye kenchi, zile mbao za paa, na kuzishusha lazima niite mtu. Toeni mchoro wenye vipimo vya ndani, baada ya lipu, na uandikwe hivyo.

Mama_Makabati, Mwanza
Mimi sina shida ya upana, shida yangu ilikuwa juu. Natengeneza makabati ya nguo ya kufika darini. Fundi alinishauri dari ishuke mpaka mita 2.45 chumba kisiwe na joto, nikakubali. Kabati la kwanza lilikuwa na urefu wa 2.40 na kina cha sentimita 60. Tumeliunga likiwa limelala, vijana wakaanza kulisimamisha, kona ya nyuma ikaingia kwenye dari na kukwama. Hesabu niliijua baadaye: kitu cha namna hiyo kikiinuka, mshazari wake unafika 2.47. Sentimita mbili tu ndugu zangu. Tulilifungua, tukalitoa nje vipandevipande.

Nimeng'oa dari yote. Sasa kazi inafanyika chini ya bati, nimeweka bati mbili za kupitisha mwanga, na joto napambana nalo kwa matundu makubwa juu ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kaka wa Chanika, usishuke chini ya mita 3. Hata shiti nzima ukitaka kuigeuza kutoka kulala ubavu hadi kusimama wima inadai mita 2.73.

Mpwani, Likoni
Sisi huku twajengea mawe ya timbo. Ni jiwe laini, skrubu ya rafu huingia vizuri na baada ya miezi yalegea. Nami nilipaka rangi ya mafuta ndani ili ukuta uoshwe kwa urahisi. Unyevu wa chini ulipanda, ukakosa pa kutokea, rangi ikabanduka vipande vipana kama viganja. Nilikwangua yote nikapaka chokaa, sasa ni miaka minne ukuta umetulia na ni mweupe wa kutosha kuona mstari wa penseli. Vyuma sivitundiki ukutani kabisa, hewa ya chumvi haina huruma. Vyakaa sandukuni na mafuta kidogo.

Fundi_Msamvu
Jipsamu kwenye karakana, hapana. Niligawa chumba ili kupulizia vanishi kuwe mbali na vumbi la randa, nikatumia jipsamu kwa sababu ni nafuu na ni ya haraka. Rafu ya kwanza yenye kopo za rangi ilishuka na kipande cha ukuta. Nikabadilisha, nikapigilia papi, vile vipande vyembamba vya mbao, kisha plaiwudi ya milimita 18 juu yake. Hapo unatundika kitu popote, hutafuti papi imepita wapi. Kosa langu likawa kuiteremsha plaiwudi mpaka sakafuni. Mchwa walipanda kwa nyuma, mbele pamebaki pazuri kabisa. Nilijua siku nilipobonyeza kwa goti pakaitikia. Piga dawa kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, na ubao uanze sentimita 15 juu ya sakafu ili njia ya udongo ya mchwa uione.

Soketi nazo weka mita 1.2 kutoka chini. Ukiziweka chini kama sebuleni, mbao za kuegemeza zitazifunika zote. Na mabomba ya nyaya yapite juu ya lipu, yasifukiwe ukutani, utaongeza mashine bila kuchimba lipu.

Mbongo_Minnesota
Huku gereji ni ukuta wa nguzo za mbao, moja kila inchi 16, kwa hiyo shiti ya inchi 48 inaangukia nguzoni bila kukata. Nilijaza sufi ya kuzuia baridi, nikafunika kuta zote kwa OSB, mbao za vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, nitundike zana nipendavyo. Mkaguzi akanirudisha. Ukuta unaopakana na nyumba ya kuishi lazima upande wa gereji uwe na jipsamu ya nusu inchi, moto ukiwaka uchelewe kuingia kwa familia. Nikabandua OSB ya upande huo, nikatanguliza jipsamu, OSB ikarudi juu yake. Mkuu, kama karakana yako inagusana na chumba cha watoto, tofali lipigwe lipu pande zote na lifike hadi kwenye bati, usiache uwazi juu ya kenchi.

Mwanzisha uzi
Dada wa Mwanza na wakuu wote, asanteni sana. Haigusani na nyumba, ila iko mita moja na nusu tu kutoka dirisha la wanangu, kwa hiyo chumba cha vanishi nakihamishia kona ya mbali. Nimempigia fundi leo: mita 5.5 kwa 7.5 ndani baada ya lipu, mita 3 hadi lenta, hakuna dari. Amesema tofali zinaongezeka na bei atanipa Jumatatu.

Limebaki geti. Nafikiria mita 3, la kukunja au la kusukuma pembeni? La kusukuma linakula ukuta mzima wa mbele ambao nilitaka kuweka benchi. Aliye nalo aseme.