Saa kwenye tiketi za mtandaoni zinacheza, naombeni ushauri

Mpiga_Debe:
Wakuu, salaam. Nimekabidhiwa tovuti ya kukatia tiketi za mabasi niimalizie. Aliyeianza alishaondoka na simu hapokei. Mabasi mengi ni ya Dar–Mbeya, na moja linavuka Tunduma hadi Lusaka. Seva iko Ulaya, saa yake ni UTC (saa ya kimataifa, nyuma ya Dar kwa saa tatu). Msimbo ni PHP na hifadhidata ni MySQL, hakuna cha ajabu.

Sasa yanayonisumbua:

Basi la asubuhi linaondoka 06:00. Kwenye ukurasa wa kuchagua kiti, mimi nikiwa Dar naona 06:00 vizuri. Mteja aliyeko Lusaka akimkatia mama yake anayesafiri kutoka Dar anaona 05:00. Mwingine yuko London, yeye kaona 04:00. Mama wa watu aliwahi stendi giza totoro.

Tiketi yenyewe ndiyo kichekesho. Inasoma 06:08. La saa tatu linasoma 09:08. Mabasi yote dakika 08! Mstari unaochapa ni huu:

`date('H:m', strtotime($row['ondoka']) + 10800)`

Tena bosi anataka tiketi iandikwe saa za Kiswahili, maana abiria akiona 11:00 anakuja saa kumi na moja. Nianzie wapi?

Fundi_Seva:
Mkuu, hilo la dakika lisikuumize kichwa. Kwenye PHP `m` ni mwezi, dakika ni `i`. Tupo Agosti, ndiyo maana 08. Subiri Septemba uone mabasi yote yanaondoka na dakika 09 😄 Andika `H:i`, hiyo imeisha.

Hiyo 10800 ni sekunde za saa tatu. Jamaa alikuwa anaitoa UTC kwenda saa ya Dar kwa mkono.

kijana_wa_ilala:
Mbona mnakuza mambo. Tanzania hatuna mambo ya kusogeza saa majira ya joto kama Wazungu, ni +3 mwaka mzima. Jumlisha saa tatu kila mahali, hadi kwenye JavaScript (msimbo unaoendeshwa na kivinjari cha mteja), mteja wa London naye ataona 06:00. Kazi kwisha.

Bibi_Kompyuta:
Kijana, ukijumlisha tatu kwenye JavaScript huyo wa London ataona 07:00. Kivinjari chake kimeshajumlisha saa moja ya kwao ya kiangazi. Ikifika mwisho wa Oktoba wakirudisha saa nyuma, ataona 06:00 na wewe utadhani umepatia. Machi inaharibika tena.

Mpiga_Debe, tatizo lako ni kwamba ukurasa unampa mteja saa ya mahali *alipo yeye*, wakati abiria wa basi anataka saa ya *stendi*. Kiambie kivinjari kanda ya saa waziwazi:

`new Intl.DateTimeFormat('sw-TZ', { timeZone: 'Africa/Dar_es_Salaam', hour: '2-digit', minute: '2-digit', hourCycle: 'h23' }).format(new Date(ondoka))`

Hapo awe Muscat, awe Toronto, ataona 06:00. Hiyo `h23` usiiache. Kuna vivinjari ukiweka `hour12: false` peke yake vinakuandikia saa sita usiku kuwa 24:00. Na hakikisha seva inatuma muda wenye Z mwishoni (alama ya UTC), kama `2025-08-14T03:00:00Z`. Ukiituma bila Z, kila kivinjari kinaichukulia kuwa saa ya hapo kilipo.

Upande wa PHP futa kabisa 10800:

`$t = new DateTimeImmutable($row['ondoka'], new DateTimeZone('UTC'));`
`$dar = $t->setTimezone(new DateTimeZone('Africa/Dar_es_Salaam'));`
`echo $dar->format('H:i');`

Nimetumia DateTimeImmutable makusudi. Ukitumia DateTime ya kawaida, kuibadilisha kanda kunabadilisha ileile uliyoishika, halafu mistari ishirini chini unashangaa.

Mpiga_Debe:
Bibi, shikamoo. Hii imenifungua macho. Na muda wa kufika Lusaka? Wanaokuja kupokea wageni wanasema tovuti iko mbele saa nzima.

Bibi_Kompyuta:
Marahaba. Ni ileile 10800. Zambia wako +2, sisi +3. Kila kituo kiwe na kanda yake kwenye jedwali la vituo: Mbeya `Africa/Dar_es_Salaam`, Lusaka `Africa/Lusaka`. Mkiongeza Lubumbashi itakuwa `Africa/Lubumbashi`, nayo +2, lakini usiandike "Kongo" ukamaliza, Kinshasa ni +1. Kuondoka kunaonyeshwa kwa kanda ya kituo cha kuondokea, kufika kwa kanda ya kituo cha kufikia, na pembeni uandike "saa za Lusaka".

Fundi_Seva:
Naongezea, angalia ripoti za mauzo. Kama zinatumia `DATE(muda_wa_mauzo)` moja kwa moja, tiketi iliyouzwa saa nane usiku Dar inahesabiwa ya jana, kwa sababu kwa UTC ni 23:00 ya siku iliyotangulia. Mhasibu lazima alalamike.

Usikimbilie `CONVERT_TZ` ya MySQL (inayogeuza muda kutoka kanda moja kwenda nyingine) yenye majina ya kanda kabla hujaijaribu. Kwenye seva nyingi za kukodi yale majedwali ya kanda hayajapakiwa, inakurudishia NULL (yaani tupu) kimyakimya. Afadhali PHP ikutengenezee mwanzo na mwisho wa siku ya Dar, uvigeuze UTC, ndipo uulize kati ya hivyo viwili.

MsomajiKimya:
Naomba kutofautiana kidogo na kina Bibi. UTC ni sawa kwa jambo lililokwisha kutokea, kama mauzo na malipo. Kwa *ratiba*, yaani "kila siku 06:00 kutoka Dar", mimi nahifadhi 06:00 na jina la kanda, basi. Serikali zinabadilisha saa. Sudan Kusini walitoka +3 wakaenda +2 tarehe 1 Februari 2021. Misri walirudisha saa za kiangazi 2023. Ukiwa umeshageuza ratiba ya miezi ijayo kuwa UTC, siku wakibadilisha saa, mabasi yako yote yanasogea saa moja na hakuna aliyegusa kitu.

Bibi_Kompyuta:
Hapo sikupingi. Ratiba kwa saa ya ukutani, tukio kwa UTC.

Mpiga_Debe:
Na saa za Kiswahili? Nilifikiri nitoe saa sita kwenye muda kabla ya kuchapa.

Bibi_Kompyuta:
Usiuguse muda wenyewe! Basi la saa kumi usiku, yaani 04:00, ukilitoa saa sita linarudi 22:00 ya jana na tarehe ya tiketi inarudi nalo. Badilisha namba ya kuchapwa tu:

`$h = (int) $dar->format('G');`
`$saa = ($h + 6) % 12 ?: 12;`

Jaribu: 7 inatoa 1, 12 inatoa 6, 18 inatoa 12, 0 inatoa 6. Dakika na tarehe haziguswi.

Neno la kipindi liandikie masharti yako mwenyewe. Ukiachia kivinjari, 06:00 kinaweza kukuandikia alfajiri, na wateja wako wanasema saa kumi na mbili asubuhi. Kaa na makonda uwaulize wanavyosema, hasa kuanzia saa tisa usiku hadi kumi na mbili.

kijana_wa_ilala:
Tiketi iwe na zote mbili basi: "06:00 (saa 12:00 asubuhi)". Wakenya na Wazambia wanapanda humo pia.

Mpiga_Debe:
Hilo bosi atalikubali. `H:i` nimeshaweka, dakika zimetulia. Mengine nayaweka wikiendi.

Fundi_Seva:
Kabla ya wikiendi, kagua data ya zamani. Tafuta palipotumika `NOW()` ya MySQL na palipotumika `time() + 10800` ya PHP wakati wa kuhifadhi. Kama vyote viwili vinaandika kwenye safu moja, nusu ya mistari ni UTC na nusu ni saa ya Dar, na kwa macho hutaitofautisha. Linganisha na ujumbe wa malipo ya simu, ule una muda wake. Angalia pia aina ya safu: TIMESTAMP inageuzwa kufuata kanda ya muunganisho, DATETIME inabaki ilivyoandikwa. Chukua nakala ya hifadhidata nzima, rekebisha kwenye nakala kwanza, halafu weka `SET time_zone = '+00:00'` kila unapofungua muunganisho.