Mkunjo wa chini wa lobu ya mbele: pembetatu inaanzia wapi?

Swali: Wakuu, kwenye ubongo uliohifadhiwa kwa fomalini, nazitofautishaje sehemu tatu za mkunjo huu (ya obiti, yaani ya upande wa tundu la jicho, pembetatu na kifuniko)? Kila ubongo unaonekana tofauti.

Jibu 1: Kwanza vua utando wa araknoidi (utando mwembamba unaofunika ubongo) na mishipa ya damu kwa forsepsi, polepole, la sivyo hutaona kitu. Kisha fuata mfereji wa Sylvius, ule mfereji wa kina ulio ubavuni mwa ubongo, kuelekea mbele. Mfereji huo hutoa vitawi viwili: kimoja kimelala, kingine kinapanda, vikichora V au Y. Kilicho katikati yake ndicho pembetatu. Chini ya kitawi kilicholala ni sehemu ya obiti. Nyuma ya kinachopanda, hadi mfereji ulio mbele ya mkunjo wa mwendo, ni sehemu ya kifuniko, huifunika insula (sehemu ya gamba la ubongo iliyofichwa ndani ya mfereji wa Sylvius).

Jibu 2: Hapo kwenye kifuniko ndipo wengi hupotea. Baadhi ya bongo zina mfereji wa mshazari, na mtu huudhania kitawi kinachopanda. Pembetatu yake inakuwa kubwa kupita kiasi. Panua mfereji wa Sylvius kwa vidole uchungulie: kitawi halisi huzama hadi kwenye insula, wa mshazari kwa kawaida hauzami.

Muulizaji: Shukrani. Na eneo la Broca, lile la usemi?

Jibu 1: Pembetatu na kifuniko, kushoto kwa watu wengi. Broca alilieleza mwaka 1861. Kwa namba za Brodmann (ramani inayogawa gamba la ubongo kwa maeneo yenye namba) ni 45 na 44, ila hizo zilichorwa kwa mpangilio wa seli chini ya hadubini, kwa hiyo mipaka yake haifuati mifereji sawasawa.