Safari ya uinjilisti: tulichangishwa, tukabebwa kama mizigo, tukalala sakafuni. Nimeuliza hesabu, nimeitwa Kora

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite. Na mods, wasimamizi wa humu, naombeni msiuhamishie kule jukwaa la dini, kwa sababu hapa sijadili dini. Najadili hela, gari, na watu wazima wanaofanywa watoto wadogo.

Mimi ni mwanakwaya, sauti ya tatu, kwenye kanisa moja hapa Dar. Silitaji, na mnaolijua tafadhali msilitaje humu. Mwezi wa sita tulikwenda Sumbawanga kwenye mkutano wa injili wa hadhara, wiki nzima, kwaya na vyombo na mhubiri mgeni. Watu waliokoka kule, sipingi, na wenyeji walitupokea vizuri mno, Mungu awabariki. Ninachotaka kujua mpaka leo ni hela yetu imekwenda wapi, na tangu lini kuuliza imekuwa dhambi.

Mchango ulikuwa 180,000 kwa kichwa. Hapo sare bado: kitenge na kushona, 65,000 nyingine, na usiponunua huruhusiwi kupanda jukwaani. Sasa muijue kwaya yenyewe. Kuna dada anakaanga maandazi, kuna kijana wa bodaboda ya mkataba ambaye kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, kuna wanafunzi wa chuo wanaosubiri boom, ile hela ya mkopo wa masomo. Hao ndio waliotoa elfu tano tano, elfu kumi kumi, zikatumwa kwenye namba ya simu ya mweka hazina. Namba yake binafsi, ile ile wateja wanayomlipia dukani kwake. Ambaye hajamaliza anasomwa jina mbele ya mazoezi, watu wote wanasikia. Dada wa maandazi alisomwa, siku ya pili akaenda kukopa kwenye kikoba. Anarejesha mpaka sasa.

Tulikuwa watu 38. Piga mwenyewe, ni 6,840,000. Juu yake ikafanyika harambee Jumapili kanisani, ikatangazwa kwa kipaza sauti kwamba imevuka milioni nne. Tukasema sawa, safari hii tutakwenda kama watu.

Ijumaa jioni ikaja Coaster. Coaster ya daladala, mstari wa njia yake bado uko ubavuni, viti havifiki thelathini. Dereva mmoja.

Wanaoijua njia hiyo wanielewe. Dar, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, ndiyo unaanza kuitafuta Sumbawanga. Zaidi ya kilomita 1,100. Mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023 hayakuachiwa tu hivi hivi, yana masharti, kuna kifaa cha kufuatilia mwendo, kuna dereva wa pili wa kupokezana. Sisi, kwa kuwa tunakwenda kwenye kazi ya Bwana, masharti yametupita juu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alimuuliza katibu dereva wa pili yuko wapi. Katibu akajibu, "Mama, dereva wa pili ni Yesu." Watu wakacheka, wengine wakaitikia amina. Yule mama hakucheka.

Vyombo navyo vilipanda humo humo. Spika mbili za besi zilisimamishwa kwenye njia katikati ya viti, zikafungwa kwa kamba ya manila kwenye vyuma vya viti. Jenereta ilikuwa nyuma, chini ya miguu ya sauti ya nne, inanuka petroli safari nzima, na mlango wa dharura umezibwa na masufuria. Mpiga kinanda alikalia begi la nyaya. Hivi kwa mpangilio huo, moto ukitokea, nani anatoka?

Tulipofika Mikumi, kile kipande cha kilomita 50 ndani ya hifadhi, gari lilianza kulamba ukingo wa lami. Linatoka, linarudi. Mbele mtu akapiga kelele. Dereva akaendelea mpaka nje ya hifadhi, akasimamisha, akashuka, akajimwagia chupa nzima ya maji kichwani. Akarudi akasema, "Wapendwa niimbieni. Mkinyamaza nitalala."

Simlaumu yule kaka. Alisema mchana wa siku hiyo alikuwa barabarani na daladala kama kawaida, tajiri wake kamwambia usiku kuna kazi ya kanisa.

Basi tukaimba. Siyo mistari miwili, tuliimba usiku mzima. Ruaha Mbuyuni tunaimba. Kitonga saa nane usiku tunaimba, malori yanashuka breki zinanuka, upande huu mwamba, upande ule korongo, Coaster inapanda kwa gia ya kwanza, inaguna. Spika zikaanza kuivuta kamba kurudi nyuma. Mimi na mwenzangu tulizikumbatia kwa mikono ili zisiwaangukie akina mama, mashavu yetu yako kwenye ule wavu wa mbele wa spika, na bado tunatoa sauti ya tatu. Upande mmoja ukilegea dereva anaita, "Sauti ya pili vipi?" Nacheka nikiandika, lakini usiku ule hakuna aliyecheka.

Tukaingia Sumbawanga Jumamosi saa tisa alasiri, tukapelekwa uwanjani moja kwa moja na sare zetu zina mikunjo. Sauti hazitoki, hasa sauti ya kwanza, kulikuwa na mlio tu. Mwalimu wa kwaya akatukusanya nyuma ya jukwaa, akasema sauti zimekufa kwa sababu hatukufunga na kuomba ipasavyo. Baada ya hapo akampa fundi mitambo flashi, ikawekwa nyimbo tulizorekodi studio, na sisi tukasimama mbele ya watu wa Mungu tunatingisha midomo.

Na viongozi je? Mchungaji, mwenyekiti wa kwaya, mweka hazina na mhubiri mgeni walipanda ndege Dar hadi Songwe, wakapokelewa na Land Cruiser. Sikuambiwa na mmbea yeyote. Mwenyekiti aliweka picha mwenyewe kwenye status, kashika kikombe cha kahawa dirishani, ameandika "Shambani mwa Bwana". Muda ule sisi tulikuwa tunatafuta pa kujisaidia porini.

Malazi yetu yalikuwa darasa la shule ya msingi, sakafu ya saruji. Tuliambiwa tubebe shuka. Mtu wa Dar ukimwambia shuka anabeba shuka, hajui kwamba nyanda za juu za Ufipa mwezi wa sita ni baridi ya kuuma mifupa. Wenyeji walipoona hali hiyo wakatoa mablanketi majumbani kwao, na nina hakika wao wenyewe walilala na baridi. Wenzetu wa Land Cruiser walikuwa hotelini mjini, maji ya moto na chai ya maziwa. Sisemi mchungaji alale sakafuni. Ila kama hela ilikuwepo ya hoteli, hela ya kukodi magodoro ilikosekanaje?

Binti mmoja wa sauti ya pili alishikwa kifua tukiwa huko. Akaombewa. Kesho yake kazidi, akaombewa tena, na jioni akaambiwa apande jukwaani kwa imani, safu isipungue. Akina mama ndio walioamua wenyewe kumbeba kumpeleka hospitali, ikaonekana nimonia. Katibu akasema fungu la dharura halikupangwa. Zaidi ya milioni kumi halafu hakuna fungu la dharura! Tulimchangia sisi kwa sisi. Ameshapona, nashukuru.

Halafu kuna jambo la mahindi, na hili ndilo lililonikereketa kuliko yote.

Rukwa ni watu wa mahindi na maharage. Kila jioni kwaya ikiimba (sauti ziliporudi tuliimba kweli) watu walikuja mbele kututunza. Wenye noti waliweka kwenye beseni, wengine walileta kuku, wengine debe la maharage, kuna bibi alikuja na mayai kwenye kanga yake. Wakataja kwa midomo yao, kwenye kipaza sauti, kwamba hii ni ya hawa vijana waliotoka mbali. Siku ya kuondoka yakapakiwa magunia juu ya keria ya Coaster ile ile, kwa hiyo tukarudi na mzigo mzito kuliko tuliokwenda nao. Kuteremka Kitonga sitaki hata kuhadithia.

Tulipoingia Dar, gari halikwenda kanisani. Lilikwenda kwanza kwa mwenyekiti. Vijana wa kwaya wakaambiwa washushe magunia, wakayabeba mabegani mpaka stoo yake, kisha tukapewa maji ya kunywa na neno la shukrani. Mpaka leo hakuna mwanakwaya aliyeona hata kibaba. Beseni nalo silisemi, lilikuwa linaingia kwenye Land Cruiser kila usiku kabla hatujamaliza kukunja nyaya.

Wiki mbili baadaye, mwisho wa mazoezi, nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu kabisa: lini tutasomewa mapato na matumizi ya safari? Mweka hazina akasema bado anakusanya risiti. Risiti zipi? Ya Coaster dereva alinitajia mwenyewe, ilikodiwa 3,200,000 kwenda na kurudi, mafuta ndani. Hiyo haifiki hata nusu ya michango yetu, harambee bado. Mwenyekiti akadakia kwamba kazi ya Mungu haihesabiwi kwa kalkuleta, na kwamba mimi nina roho ya Kora. Wasiosoma: Kora ni yule aliyempinga Musa jangwani, ardhi ikafunguka ikammeza. Yaani nimeuliza risiti, naombewa ardhi inimeze. Usiku huo huo nikaondolewa kwenye grupu la WhatsApp, na Jumapili nikaambiwa nimesimamishwa huduma mpaka nitengeneze na viongozi.

Biblia wananifunga nayo mdomo kana kwamba wao tu ndio wanayo. Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli yote akauliza, nimetwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimemdhulumu nani, semeni niwarudishie. Hakusubiri aulizwe. Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake, alituma watu pamoja na Tito, akaeleza waziwazi kwamba hataki lawama juu ya hela ile. Kwetu sisi namba ya simu ya mtu mmoja inatosha.

Na video zimeshapandishwa YouTube, kwenye chaneli yenye jina la mwalimu wa kwaya, matangazo yanapita. Sisi tunaoonekana tunaimba hatukuulizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua muimbaji pia, siyo mtunzi peke yake, lakini ukilitamka hilo mazoezini unaambiwa unatafuta utukufu wa dunia.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu:

Mnaosema "acha kwaya uhamie kwingine". Nimekulia pale, mama yangu anaimba pale, na dada wa maandazi bado anadaiwa. Nikihama deni lake linahama?

Aliyeandika kwamba wamisionari wa zamani walitembea kwa miguu na hawakulalamika: sawa kabisa mkuu, viongozi nao watembee. Tatizo langu siyo shida. Shida nimeivumilia na ningeivumilia tena tukiwa wote ndani yake.

Aliyesema mambo ya ndani ya kanisa yasianikwe: nilianza ndani. Nimeongea na mwenyekiti, nikaenda kwa mzee wa kanisa, nikaandika barua kwa mchungaji na nakala ninayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Haijajibiwa. Na kwaya imeshatangaziwa safari nyingine, Kigoma mwezi wa tisa, mchango 200,000, namba ya kutuma ni ile ile.

Kwa hiyo naomba msaada kwa wanaojua. Je, muumini wa kawaida anaweza kumwomba mkaguzi wa hesabu wa jimbo la kanisa aje akague mfuko wa kwaya, au mpaka baraza la wazee lipitishe? Na kwa kuwa makanisa yamesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya pale Mambo ya Ndani, malalamiko ya namna hii yanapokelewa, au nitarudishwa "mkayamalize wenyewe"? Na la haraka zaidi: LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wanapigiwa wapi ili hiyo Coaster ya Kigoma isitoke Dar bila kibali na bila dereva wa pili? Aliyewahi kufuatilia aandike hapa au anitumie PM, ujumbe wa faragha. Wa kunitumia mistari ya kutii mamlaka, nimeshatumiwa mingi, inatosha.