Atomu za platinamu ndani ya ZSM-5: nukta ipi ya kuamini?

chembe_moja: Wakuu, habari za kazi. Sampuli ni ZSM-5, zeolaiti (fuwele ya silika yenye mifereji midogo sana ndani), yenye platinamu 0.3% kwa uzito. Hadubini ni STEM (ya elektroni, boriti hupita nukta kwa nukta) ya 300 kV, kigunduzi HAADF (atomu nzito hung'aa zaidi), mkondo wa boriti 20 pA (pikoampea), pikseli 0.2 Å (angstromu, sehemu ya kumi ya nanomita), mikrosekunde 10 kwa pikseli. Nukta nyeupe zinaonekana, ila picha ya pili mifereji imeshafutika. Tena nitajuaje kama atomu imo mferejini au imekaa juu ya uso wa fuwele?

fuwele_b: Piga hesabu kwanza. 1 pA ni elektroni milioni 6.24 kwa sekunde, kwa hiyo unamwaga dozi ya elektroni zaidi ya 31,000 kwa kila Å². Zeolaiti haiwezi kuhimili hizo. Shuka hadi 1 pA na mikrosekunde 4, utabaki na kama 620. Usikimbilie 80 kV: kinachovunja vifungo vya Si–O ni uionishaji (boriti kung'oa elektroni za atomu), nao huongezeka volti zikipungua. Ipange fuwele kwa kutazama eneo la pembeni, kisha sogea mahali ambapo boriti haijagusa.

nukta_nyeupe: Tazama kwa mhimili wa b, mifereji iliyonyooka ina upana wa kama 5.5 Å. Katika HAADF platinamu moja hung'aa karibu sawa na silikoni 18, hivyo mferejini inajitokeza waziwazi. Ikiwa kwenye ukuta wa fuwele ya 20 nm, inamezwa. Usihesabu kana kwamba umeziona zote. Na angalia mwinamo: digrii 1 tu kwenye unene huo inasogeza atomu 3.5 Å, yaani mfereji unaweza kuonekana una atomu kumbe atomu iko ukutani.

Kuhusu kina: kwa boriti yenye pembe ya miliradiani 25, fokasi inashika kina cha kama 6 nm. Piga picha kadhaa ukishusha fokasi 3 nm kila mara. Atomu hukolea kwenye kina chake. Kila picha inakula dozi, kwa hiyo igawe, usiizidishe.

fuwele_b: Naongezea: chagua fuwele iliyo juu ya tundu la filamu, maana uchafu juu ya kaboni hutoa nukta za uongo. Piga pia ZSM-5 isiyo na platinamu kwa vipimo vilevile. Nukta zitakazotokea humo ni kelele tu. Kusafisha sampuli kwa plazma ya oksijeni acha, inaweza kukusanya platinamu kuwa vishada. Pasha sampuli kwenye ombwe badala yake.

chembe_moja: Shukrani wakuu. EXAFS (kipimo cha eksirei cha umbali kati ya atomu jirani) ya sampuli hii haionyeshi Pt–Pt ya 2.77 Å, umbali wa platinamu zilizoshikana.

nukta_nyeupe: Basi ukiona vishada vingi kwenye picha, huenda boriti ndiyo imevitengeneza.