Breki za bodaboda: ni za tajiri au za dereva?

Mleta mada
Wakuu, juzi nilichukua boda kule juu Bugando nashuka mjini. Katikati ya mteremko ikaanza ile sauti ya chuma kwa chuma, na dereva kashusha miguu yote miwili anaburuza kandambili kwenye lami. Tulipofika chini nikamuuliza kulikoni. Akajibu kwa upole kabisa: "Breki zimekwisha tangu wiki jana, namsubiri tajiri," yaani mwenye pikipiki. Na mimi nina hakika tajiri naye yuko mahali anamsubiri yeye.

Nimeona mikataba mitatu minne ya pikipiki hapa Mwanza, ile ya kuandikiana kwenye karatasi ya daftari. Hesabu, ile pesa dereva anayompelekea tajiri, imo, oili imo, faini ya trafiki imo. Breki haimo.

Mimi nasema ni za tajiri. Chombo ni chake, na hesabu kaipanga yeye. Hesabu ikiwa kubwa kijana atakimbia, na ukitoka mwendo wa 30 kwa saa kwenda 60, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Aliyepanga mwendo alipie kusimama.

Mwenye pikipiki tatu, Ilemela
Mkuu, kwani breki anaikanyaga nani, mimi? Nina pikipiki mbili za aina moja, nilizinunua wiki moja, breki shuu, zile zinazosugua ndani ya gurudumu, nanunua duka lile lile. Kijana mmoja anakaa nazo miezi mitano. Mwenzake kila mwezi yuko mlangoni kwangu na mkono wazi. Siku moja nikamfuata nyuma na gari. Kutoka Pasiansi mpaka Kirumba taa yake ya nyuma haikuzimika hata mara moja! Mguu kaulaza juu ya pedeli kama ameuweka kwenye stuli. Hizo nazo nilipe mimi?

Dereva, Mabatini
Tajiri, nakuheshimu, ila panda na wewe kilima cha Isamilo mara nane kwa siku, nyuma una abiria na gunia la dagaa, halafu urudi tuongee.

Nitasema ukweli ambao wenzangu hawataupenda. Mteremko tunashuka frii, gia tumetoa. Mafuta ni yangu, kwa hiyo nikiachia frii naokoa, na injini haisaidii kuishika pikipiki, mzigo wote unabebwa na breki. Tajiri akininunulia breki naokoa mafuta yangu kwa breki zake. Nikinunua mwenyewe nashuka na gia ya pili.

Mleta mada
Duh. Hapo umeniharibia hoja kaka.

Fundi, Nyakato
Mnabishana nani anunue wakati wengi wenu hamjui hata zimekwisha lini. Nyuma, pale mkono wa breki unapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, pikipiki nyingi zina kimshale. Kanyaga breki mpaka mwisho uangalie. Mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha, hata kama pikipiki bado inasimama. Kwa wenye diski mbele, chungulia pedi zinazoibana: ule mfereji wa katikati ukifutika, au unene ukibaki chini ya milimita 2, badilisha. Ukichelewa utanunua na diski, na hapo tajiri na dereva wote mtalia.

Mchezo wa vijiweni naujua. Nati ya kukazia breki ikifika mwisho wa uzi, fundi anachomoa mkono wa breki, anaurudisha jino moja nyuma, anakaza upya. Pedeli inakuwa ngumu, dereva anafurahi. Mwingine anakata kipande cha bati la kopo anakipachika kwenye ncha ya shuu ili zitanuke zaidi. Nimefungua habu nikakuta vipande viwili vya kopo la maziwa, na shuu zimebaki chuma kitupu, habu yenyewe imechimbika mtaro. Siku ile kile chuma cha kutanua shuu kikizunguka kupita kiasi, tairi linajifunga katikati ya mteremko.

Halafu hii imani kwamba breki ya mbele inapindua. Ukibana, uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Ukiibana ghafla kwenye mchanga utaanguka, sikatai. Ila nyinyi hamuigusi kabisa, waya umeshika kutu, shuu za mbele zina miaka zinang'aa kama mpya, za nyuma zinakufa kila mwezi. Na kuosha pikipiki ziwani muache. Mchanga unaingia kwenye habu na kusaga kila kitu, mbali ya kwamba sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Mama wa samaki, Mwaloni
Wanangu, mimi napanda saa kumi alfajiri, beseni mapajani. Kabla sijapanda nakagua nini, na giza lile? Wekeni utaratibu kijiweni, mwenyekiti akague kila Jumatatu, asiye na breki asipakie.

Mwenyekiti wa kijiwe, Buzuruga
Mama yangu, tulijaribu. Jumatatu ya kwanza nilizuia pikipiki sita. Saa nne nikazikuta zote kijiwe cha jirani, zinapakia.

Mleta mada
Basi nabadilisha kidogo. Iandikwe kwenye mkataba: tajiri ananunua seti moja kila miezi minne, na dereva analeta za zamani mkononi zionekane. Zikiisha kabla ya hapo, dereva anajinunulia. Mwenye mguu wa stuli atajulikana.

Mwenye pikipiki tatu, Ilemela
Hiyo naweza kuikubali. Ila zifungwe kwa fundi wangu, sitaki habari za kopo la maziwa.

Dereva, Mabatini
Fundi wako yuko wapi, tajiri?

Mwenye pikipiki tatu, Ilemela
Kisesa.

Dereva, Mabatini
Na mafuta ya kwenda Kisesa na kurudi ni ya nani?